Kapu la Ukindu

Mlangoni pa ukumbi, Tandika,
Havijawa ananipa kibati cha namba: kumi na saba.
Simu yangu inaingia kapuni kifudifudi,
kama mtoto aliyenuna.

Nusu saa nzima paja linanitetemeka bure.
Napapasa mfuko:
ganda la karanga,
risiti ya luku.

Hatutazamani. Feni inakwaruza.
Kisha mtu anakohoa,
anauliza nani anajua arubastini,
na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta,
ambaye miaka sita kwenye kundi la mtaa
nimemjua kwa dole gumba tu,
anacheka.
Kumbe ana mwanya.

Saa kumi na moja narudisha kibati.
Meseji tisini na mbili.
Naifungua ya mama kwanza:
Upo?

Nilikuwepo, mama.
Ndiyo maana sikujibu.