Pete ya Tsiuri

Saa tisa usiku, Kutaisi. Theluji imeyeyuka, mto Rioni unanguruma.
Vakho, miaka minne, amemeza pete ya bibi yake.
Nikamvika bibi aproni ya risasi amshike mabega,
nikaenda nyuma ya kioo: "Vuta pumzi. Usipumue."
Mtoto akatii, macho yamemtoka kama mwizi aliyeshikwa.

Hiyo hapo! Duara jeupe chini ya mbavu,
jembamba, safi, kana kwamba tumbo limechumbiwa.
Bibi akacheka mpaka akapaliwa,
na kikohozi kikakataa kumwachia.

Daktari wa zamu akaandika karatasi ya pili.

Tsiuri akavua sweta, kisha msalaba wake, akaniwekea kiganjani.
Kidevu juu, bibi. Mabega mbele. Vuta pumzi.
Akaizuia kwa fahari, kumshinda mjukuu.
Picha ikajitandaza kwenye skrini.
Miaka kumi na tisa nazisoma picha hizi,
na kuzisema si kazi yangu.
Nikaona nilichokiona: pafu la kulia, juu,
kikubwa kuliko pete.

"Imetoka vizuri?"
Picha imetoka vizuri, nikasema, na sikudanganya.
Nikamrudishia msalaba, una joto la mkono wangu,
nikamfunga vifungo vya sweta kimoja kimoja,
kazi isiyo yangu hiyo nayo.
"Pumua sasa, bibi."
Kumbe alikuwa bado ameizuia.

Mlangoni Vakho anauliza pete itatoka lini.
Hilo naruhusiwa.
"Kesho," nikamwambia. "Au keshokutwa."