Saa Kumi na Dakika Saba

Kamera inaandika nne na dakika saba.
Mimi nasoma kumi na dakika saba:
yenyewe inafuata saa za hapa Oldham,
mimi saa zangu nilikuja nazo.
Lakini usiku ni ule ule, mlango ni huu,
na mtu yule amesimama tena kwenye ngazi,
mtu wa vigae, uso umemwagika kama uji,
mkono mmoja ni mkono, wa pili ni moshi.

Viatu vya shule vya Mwanaiki viliibwa hapo,
na boksi lake, Novemba, mvua ikinyesha.
Polisi aliitazama picha, akaigeuza simu,
akasema, "Huyu anaweza kuwa yeyote.
Anaweza kuwa mimi." Akacheka. Sikucheka,
maana mimi nilishamjua:
ile kofia, na ule mguu unaoburutwa,
ni vya mzee Ogden, nyumba ya pili.
Wiki tatu sikumwamkia.
Aliponiambia habari za mvua
nilitafuta ufunguo ndani ya mkoba,
nao ulikuwa mkononi.

Basi nikaanza kumtafutia sura.
Nikitoka zamu, dobi la hospitali, miguu imevimba,
nikapanda kiti cha jikoni, bisibisi mdomoni.

Kwanza kioo. Nilikuwa nimeiweka ndani ya dirisha
kwa kuogopa mvua; usiku taa yake nyekundu
iligonga kioo ikarudi, ikajipofusha yenyewe,
picha nzima maziwa.
Na tunaambiwa macho hayana pazia!
Nikaitoa nje, inyeshewe kama sisi.

Kisha buibui.
Alikuwa amelipenda lile joto dogo la lenzi,
akaivisha buibui, ushungi na yote;
kila upepo ukivuma simu yangu inalia: mtu! mtu!
Nikamtoa kwa kitambaa cha miwani, nikamwomba radhi.

Nikaishusha. Kule juu ilikuwa inapiga picha za utosi,
na utosi hauna jina.

Twalib, mtoto wa kaka, kwa simu kutoka Leeds:
"Shangazi, umeibana picha ili kuokoa intaneti. Iachie.
Na ruta iko wapi?"
Nyuma ya friji.
"Itoe nyuma ya friji."
Kisha, akitafuna kitu:
"Gizani inakodoa jicho muda mrefu,
ndiyo maana anayetembea anageuka moshi.
Usinunue jicho jipya. Nunua taa."

Pauni sita, balbu moja.

Jumanne kamera ikaandika nne na dakika saba.
Nilikuwa kazini kati ya mashuka, simu ikatetemeka.
Alikuwa na vifungo.
Alikuwa na pajama za mistari chini ya koti,
mkwaruzo wa wembe shingoni, pua inachuruzika.
Alikuwa mzee Ogden, sikukosea.
Alikuwa ameshika pipa langu la taka,
analivuta kuelekea barabarani hatua kwa hatua,
magurudumu yasimwamshe Mwanaiki na bibi yake,
maana gari la taka hupita Jumanne alfajiri
nami husahau,
na tangu lini nasahau, hata sijui;
nilidhani pipa hutoka lenyewe.

Mwizi wa viatu hajarudi. Sura hana mpaka leo.
Jumatano nilimwamkia mzee Ogden kwenye uzio,
maneno mengine yakanikwama.
Akasema yeye:
"Asante kwa taa. Sasa naiona ngazi."

Picha siku hizi ni safi, naweza kuhesabu matone.
Ile ya ukungu sijaifuta.
Ni ushahidi bado, ila si juu yake.

Buibui amerudi. Ameshafunga nyuzi mbili.
Kesho, kitambaa.