Jezi Namba Thelathini

Mimi nafua. Jezi ishirini na mbili kila Jumapili,
kabla bomba la Kiwalani halijakauka,
mche mmoja wa sabuni, mabeseni matatu,
na ligi nzima naijua kwa madoa.

Oktoba ni vumbi: wekundu wa Dodoma
uliganda kwenye kola ya Zawena,
maana yeye hupiga kichwa hata mpira ulio chini ya goti.
Novemba ni tope. Tulifungwa tatu kule Mbagala
na maji yakatoka kama uji wa ulezi.
Doa la majani ubavuni ni la Editha, beki wa kushoto,
asiyejua kumpisha mtu wala kumwomba radhi.
Damu nailoweka kwenye maji baridi na chumvi.
Ya pua, ya ugoko,
na ile ya bukta nyeupe tusiyoitaja,
hiyo naifua peke yake, usiku.
Nilimwambia katibu, mwakani nunueni nyeusi.
Akasema bajeti.
Kwake kila kitu bajeti:
mshahara wa Januari uliofika Aprili,
viatu vya Sikujua vinavyoshonwa Buguruni
mara ya tatu kwa uzi wa nailoni,
sabuni yenyewe.

Redioni matokeo yetu husomwa mwisho,
baada ya tangazo la magodoro,
mbio mbio, kama mtu anayemalizia tonge akanawe.

Namba thelathini ilikuwa ikirudi safi.
Njano, ya kipa wa akiba,
Havijawa Mtulia, mtoto wa Ikwiriri.
Ilirudi na mikunjo yangu ile ile, inanuka kabati.
Mzunguko wa kwanza, safi.
Mzunguko wa pili, safi.
Ningeweza kuirudisha ilivyo. Nani angejua?
Niliifua.
Nikaianika katikati ya kamba
isijione mgeni kwenye jua la wenzake.
Benchi nalo lina jasho lake,
ila halitoi rangi kwenye maji.

Mechi ya mwisho tulicheza Karume, masika yamechachamaa,
na wale wenye basi lao.
Watu jukwaani ungewahesabu,
na mmoja wao kazi yake kutukumbusha jikoni.
Dakika ya sabini na nne Pili, kipa wetu,
akatoka golini akamparamia mtu.
Kadi nyekundu. Penalti.
Sikujua akaitwa nje apishe,
na njano yangu ikaingia mvuani,
mikunjo ya pasi bado imesimama.

Sitawadanganya: hakuidaka.
Aliruka kulia, mpira ukaenda kulia,
vidole vikaugusa,
nyavu zikautaka zaidi.
Lakini baada ya hapo yakaja mashuti manne.
Moja alilizuia kwa kifua, moja kwa shavu,
mawili aliyalalia dimbwini
kama kuku aliyefunika vifaranga.
Yule wa jikoni alinyamaza. Sijui kama alikuwa ameondoka.

Moja bila. Tukawa wa saba kati ya kumi.
Hatukushuka, hatukupanda, hatukuhojiwa.

Jumapili furushi likaja, nikaitafuta njano nisiione.
Tope kifuani, tope mgongoni,
chokaa ya mstari wa goli imechora bega zima.
Sabuni nilikuwa nayo mkononi.
Akaja mwenyewe, kidole kimefungwa kitambaa,
akasimama mlangoni hataki kukaa.
"Mama, umeshaloweka?"
"Bado."
Tukaitazama pamoja, kitambo.
Kisha nikaenda kumwaga maji ya beseni
ambayo hayakuwa na haja ya kumwagwa,
na niliporudi hakuwapo.

Jioni katibu akahesabu: ishirini na moja.
"Thelathini iko wapi?"
Nikamwambia upepo.
Akatazama juu. Siku ile
hata jani la mwarobaini lilikuwa halitikisiki.
Akafungua daftari, akalamba ncha ya kalamu,
akaandika: upepo.