Herufi Iliyolika

Mashine yangu ya taipu imenizidi umri.
Naiweka juu ya meza yenye mguu uliofungwa kamba
ubavuni mwa posta, Digo Rodi,
na watu hunijia kama waendao kwa kinyozi:
wanakaa, wanainamisha kichwa.
"Niandikie barua ya msaada."
Hamsini kwa ukurasa. Bahasha juu yako.

Miaka kumi na tisa.
Karo, sanda, miwani,
mabati ya Kisauni yaliyong'olewa na upepo,
mguu wa bandia wa kijana wa Mikindani.
Neno hilo nimelipiga hata s imelika,
haigusi tena karatasi.
Naandika shida, yatoka hida.
Naandika sina, karatasi yasema ina.
Basi mwisho wa kila barua nachukua kalamu,
naziba mapengo kwa mkono.

Maalim Shee, aliyenisomesha chuoni Kuze,
alisema msaada ulitujia kwa Kiarabu,
na huko kwao una jamaa wawili:
saada, ile heri tunayoombeana,
na saidi, kigasha.
Akakunja mkono wa kanzu atuonyeshe,
kisugudi hadi kifundo,
chembamba kama ufito.
Tulicheka. Tulikuwa watoto.

Bibi yangu hakuwa na haja na Kiarabu.
Yeye alisema tafu.
"Hebu nipige tafu," na gunia la makumbi liko mlangoni.
Na tafu ni ule mnofu wa mguu, nyuma,
unaokuuma kesho yake.
Vijana wa gereji ya Bondeni wao hupiga jeki,
neno la Mwingereza, liliingia na malori yake.
Jeki huinua gari,
haiulizi lilikuwa likienda wapi.

Mlinzi mmoja wa Nyali alitaka barua ya Kizungu.
Lile neno lao fupi, la herufi nne, halina s:
lilitoka zima, safi. Nililionea wivu.
Akasema hapana, tia lile refu, la maofisini.
Lina s tatu. Kamusi yasema
asili yake Kilatini, kusimama kando ya mtu.
Kusimama tu.
Nilimtoza hamsini ile ile.

Mwezi wa Rajabu mama akaishiwa na nguvu,
ghorofa ya nne, Kibokoni,
ngazi za mbao, upana wa mtu na nusu.
Nikaingiza karatasi kwenye mashine.
Kwa Mheshimiwa. Mimi ni
na vidole vikagoma hapo.
Wajane wangapi nimewaandikia, Mola wangu,
na yangu ikanishinda mstari wa pili.

Shebwana, auzaye viazi karai mlangoni petu,
alisikia mashine imenyamaza.
Akapanda na mwanawe Mbwarali.
"Kiti ki wapi?"
Hilo tu.

Shebwana chini, mimi juu, Mbwarali na tochi ya simu.
Polepole. Kona. Pumua kwanza. Nipe upande wako.
Mama katikati, kashika ushungi:
"Msiniangushe, nyinyi, kodi sijalipa."
Kigasha cha Shebwana kilikuwa mbele ya macho yangu,
kimejaa vikovu vya mafuta ya moto,
kinanuka ukwaju,
na matafu yangu yalitetemeka hadi mlango wa chini.
Neno lenyewe sikulisikia ngazi nzima.

Makadara walimlaza siku sita.

Siku ya saba Shebwana akaja posta,
akakaa, akainamisha kichwa.
Mbwarali kaitwa shule ya bweni, karo haipo.
Nikapiga. Nikafika pale.
Ikatoka m aada, kama kawaida yake.
Nikachukua kalamu, nikatia s,
kubwa kuliko zote nilizowahi kutia,
imepinda kidogo.
"Ngapi?"
"Hamsini."
Akalipa. Ningekataa, tungekosana.