Maneno Kumi na Tisa

Barua haikuja kwa bahasha.
Ilikuja simuni, saa tano kasoro,
nikiwa uani nachambua mchicha.
"Tunafurahi kukuarifu" – nikasoma mpaka hapo,
bando likaisha.
Furaha yenyewe ikabaki inazunguka,
kiduara cheupe kwenye kioo kilichopasuka,
hadi kaka yangu Kaingu aliponirushia shilingi ishirini.

Mwanagenzi. Miezi mitatu. Nauli na chakula cha mchana.
Baba, aliyevuna chumvi Gongoni miaka ishirini na sita,
aligeuza viganja vyake, akavitazama:
"Yaani wanakulipa ufike, kisha wanakulipa urudi?"
Mama akasema, "Muache. Hata pipa huanza na kata."

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi.
Ngazi zanuka tarpentaini.
Bi. Thureya, mhariri, ana miwani miwili
na hauonekani hata mmoja anapouhitaji.
Nilimkabidhi kazi yangu ya chuo,
kurasa sabini na mbili juu ya sitiari,
jalada la buluu, herufi za dhahabu.
Akaipima mkononi kama anunuaye ng'onda,
akailaza juu ya makaratasi yaliyokuwa yakipeperuka.
"Kampuni ya maji imeleta taarifa," akasema. "Fupisha."

Nikaandika: *Mabomba ya Malindi yatafumba vinywa vyao…*
"Bomba halina kinywa, mwanangu. Lina saa. Saa ngapi?"
Nikaandika: *Jumatano ya kiu…*
"Kiu wataijua wenyewe."
Hadi adhana ya alasiri kalamu yake nyekundu
ilikuwa imeniachia haya:

*Maji yatakatwa Jumatano, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni,
Shela, Maweni na Barani.
Wakazi wanaombwa kuhifadhi maji mapema.*

Ukurasa wa saba, chini ya tangazo la matairi.

Jumatatu jioni baba alilisoma gazeti tangu ukurasa wa kwanza,
kidole kikiambaa mistari.
"Jina lako liko wapi?"
"Halipo."
"Sasa nitajuaje ni wewe?"
Mama hakuuliza kitu.
Aliinuka, akaenda kusugua pipa.

Jumanne ploti nzima ilikuwa bombani:
ndoo, madumu, sufuria za harusi,
beseni la mtoto wa Mama Dzidza, mtoto akiwa bado ndani.
"Saa tatu," alisema mmoja.
"Saa mbili! Imeandikwa saa mbili!"
Nikasimama kwenye foleni na dumu langu, kimya,
masikio yananiwaka moto.
Zile kurasa sabini na mbili zilisomwa na watu watatu,
na mmoja wao, nina hakika, alisinzia.

Jumatano maji yalitoka.
Yalitoka kwa nguvu tusiyoiona tangu mwaka uanze,
yakaruka, yakalowesha nguo zilizoanikwa.
Mama Dzidza akalifungua bomba hadi mwisho:
"Mwandishi! Ee mwandishi! Njoo ulisome na hili!"
Nikajifungia chooni.

Alhamisi, bila taarifa, yakakatika.
Hakuna aliyekuja kunishukuru.
Lakini nilizisikia kata zikigonga mapipa,
watu wakioga na kupika
kwa maji ya Jumanne.

"Masahihisho," akasema Bi. Thureya bila kuinua kichwa.
Nikayaandika kwa mkupuo mmoja, bila kinywa, bila kiu.
Akatafuta miwani. Ilikuwa kichwani, yote miwili.
Akasoma. Akafuta *kwa bahati mbaya*.
"Bahati si yetu," akasema. "Peleka."

Ijumaa usiku baba alichukua wembe,
akakata vipande viwili, tangazo na kosa lake,
akavitia kwenye mkebe wa biskuti
penye kadi yangu ya kliniki na risiti za karo.
Hakusema neno. Mkebe ule hauna kifuniko kizuri,
ikabidi aukalie.

Na mama, toka jikoni, mikono imejaa unga:
"Hebu waulize hao watu wa maji,
wiki ijayo je?"