Dirisha la Tatu

Afisa aliniuliza, Asili yako ni wapi?
Hakuniangalia. Alikuwa akichonga penseli,
maganda yakidondokea cheti cha mjomba.

Nikasema, Kengeleni.
Akasema, Mama, hiyo ni stendi.

Basi nikaitua bahasha mezani.
Tangu alfajiri nilikuwa nimeipakata kama mtoto mwenye homa,
na nyuma yangu foleni imetoka mlangoni, imepinda,
imemfikia muuza viazi karai.

Babu yake baba, Hezekia.
Jina hilo alipewa na padri, akiwa na miaka minane,
siku meli ya Waingereza ilipowashusha Kisauni
watoto walionyang'anywa mikononi mwa waliowaiba.
Jina la kwanza alilisahau. Au alilificha.
Uzeeni, maradhi yalipombana,
alikuwa akiita, Mbumba, Mbumba,
na bintiye akikimbia kuleta maji
akidhani ni kiu.
Hadi leo hatujui kama ni mtu au ni mahali.

Nyanya mzaa mama, Mbeyu, Mrabai.
Alishuka Makupa na mzigo wa kuni za kuuza,
kuni zikaisha, yeye akabaki,
kwa ajili ya fundi mmoja, Velji,
mwenye cherehani ya mguu
na Kiswahili cha kuhesabia vifungo.
Hawakuoana. Waliishi.
Hilo halina fomu.

Nyumba yao ipo, Majengo, inavuja.
Nyumba ni yetu, ardhi ni ya mtu.
Alikuja Mzungu na mnyororo wa kupimia,
akasema asiye na karatasi hana kitu.
Nyanya hakuwa na karatasi. Alikuwa na kisima.
Ndiyo Mvita hii: waweza kumiliki mlango
na usimiliki unapokanyaga ukiufungua.

Kabila? akauliza,
na kisanduku chenyewe cha kuandikia
hakitoshi punje ya mchele.

Ndipo nilipochoka. Nikamwambia, mwanangu,
meza hiyo unayoiegemea, neno lake lilikuja na Mreno;
aliondoka, akatuachia ngome, meza na bendera.
Cheti kilitoka Bara Hindi.
Dirisha hili linalotutenga ni la Mwajemi.
Penseli wajua mwenyewe.
Hata asili, neno lenyewe unaloniulizia,
lilishuka bandarini na mizigo.
Warudishe wageni wote makwao,
uone swali lako litakavyobaki:
Yako ni wapi?
Hilo ningelijibu. Ningesema, hapa.

Nyuma yangu mtu alicheka, akajifanya akohoa.

Afisa akaitazama kalamu. Kibaoni pameandikwa Mulwa.
Babu yangu naye, akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba asisikike,
alikuja kubeba magunia Kilindini.
Kisha akakumbuka kazi yake.
Lakini sisi kwetu kupo. Kuna makaburi.

Na sisi tunayo, nikasema.
Barabara imepita juu.

Akaandika kitu. Nilikisoma kichwa chini miguu juu:
Mengineyo.
Akaupumulia muhuri, maana wino ulikuwa umekauka,
akagonga, ukatoka nusu,
nusu ya ngao, mkia wa simba.
Rudi Alhamisi, akasema, na mashahidi wawili
waliomfahamu huyo Hezekia.

Nikashuka Kengeleni.
Hakusema uongo, ni stendi:
makanga, mahindi ya kuchoma, vumbi la pikipiki.
Na kengele ipo, kimya, imeshika kutu,
ile iliyopigwa zamani
watu walipowaona wezi wa watu wakirudi.
Nikasimama mbele yake na bahasha yangu
hadi mtoto mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Sijapotea, nikamwambia.
Natafuta mashahidi.
Huyu wa kwanza. Bado mmoja.