Kilo Saba

Fomu iliuliza: umewahi kuishi pasipoota kitu?
Nikajaza: miaka tisa, mashamba ya chumvi, Gongoni.
Wakanikubali.
Kwenda tu.

Mama hakulia.
Aliuliza kibla huko ni upande gani.
Nikasema nukta moja ya buluu,
Malindi na Makka humo humo,
ikizama, unangoja.
Akaguna.

"Nani atakuosha?"
Nikaangalia kucha zangu, zilizoliwa na chumvi.

"Na mzigo, wanaruhusu kilo ngapi?"
"Saba."

Jumamosi alishuka mjini peke yake,
akarudi na bafta nyeupe,
karafuu maiti, udi kidogo wa kufukizia.
Akavipima kwenye mizani ya samaki ya Bwanadi,
magamba bado yamegandia sahani.

"Kilo mbili kasorobo.
Zilizobaki,
chukua upendacho."